Hela ya kamba na taitai

Hela ya kwanza ya utafiti niliyoishika kwa mkono wangu ilikua ya kununua kamba. Kamba za nailoni za shamba la mwani, vigingi, taitai (vile vikamba vidogo vya kufungia mwani) mafungu kadhaa, na vidude viwili vidogo vya kuzamisha majini vinavyorekodi joto kila saa. Haikua skolashipu, haikua ya ng'ambo, na jumla yake haikufika nusu ya ada ya mwaka mmoja. Lakini karibu kila nilichopata baada ya hapo kimechipuka kwenye hela ile ya kamba, ndo mana nataka niielezee vizuri kwa wadogo zangu mlioko masta au mnaofikiria kuanza, maana kila wiki napokea meseji ileile, dada naomba link ya full skolashipu, na mi nikikujibu kwa link peke yake naona kabisa nimekudhulumu.

Nilimaliza digrii ya kwanza nikakaa miaka miwili naomba nje tu. Uingereza, Ujerumani, Sweden, kokote. Kila asubuhi bando la jero, nafungua laptopu, naangalia matangazo. Nilichokua sifanyi ni kusoma tangazo mpaka mwisho. Chevening kwa mfano, ile ya serikali ya Uingereza ambayo ipo tangu 1983, wanasema wazi wanataka uwe na masaa 2,800 ya kazi, yaani kama miaka miwili hivi, na mi nilikua naomba nikiwa nimetoka chuo juzijuzi. Afu sikujua kwamba masaa ya kujitolea nayo yanahesabika, ya intanshipu yanahesabika, kazi mbili tatu tofauti unazijumlisha, kwaiyo ile miaka miwili ningeitumia kujitolea sehemu hata kwa nauli tu ningeimaliza nikiwa na sifa. Na wanataka ukimaliza urudi nyumbani ukae miaka miwili, hilo nalo insha zako lazima ziliguse kwa mpango unaoeleweka, utarudi ufanye nini, wapi, na nani.

Mara nyingine sifa nilikua nazo zote, kilichoniangusha ni transkripti. Niliomba kwenye ofisi husika mapema nikiamini wiki mbili zinatosha, nikazungushwa wiki saba, njoo kesho, mhusika yupo likizo, mashine ya kuprinti mbovu, mpaka dirisha likafungwa nimekaa kwenye benchi la korido ile ile na fomu yangu imejaa kila sehemu isipokua moja. Iliniuma, na nikikumbuka bado inauma. Kwaiyo siku unamaliza chuo, kabla hujawaza kitu kingine, omba transkripti, toa kopi, peleka kwa wakili zigongwe muhuri, skani zote jitumie kwenye imeili yako. Fanya hivyo hata kama hujui utaomba nini.

Sasa hela ya kamba ilipatikanaje. Nilijiandikisha masta ya sayansi za bahari, ada ya semesta ya kwanza ikatoka kwa mama na kwenye tuisheni niliyokua nafundisha jioni, ya semesta ya pili sijui itatoka wapi. Kila wiki idara ilikua na semina, mhadhiri au mwanafunzi wa PhD anasimama anaeleza anachofanya, na wanafunzi wa masta tulikua hatuendi kwa sababu hakuna mahudhurio. Siku moja nikaingia, kulikua na Dokta anaongelea mwani, jinsi kotonii, aina ya mwani yenye bei nzuri, inavyokufa pwani ya mashariki ya Unguja maji yakipata joto na akina mama wanabaki na spinosam, aina nyingine ambayo bei yake iko chini. Mwisho kabisa, slaidi ya shukrani, akasema kama anapitia tu, mradi una nafasi ya wanafunzi wawili wa masta. Ndo ilikua tangazo lote hilo. Halikubandikwa ubaoni wala halikutumwa kwenye grupu la WhatsApp.

Nikamfuata mpaka kwenye ngazi. Shikamoo Dokta, mi naitwa fulani, nimependa mada yako na nafasi ya mwanafunzi naiomba. Akaniangalia akasema, "Marahaba. Binti, una konsepti noti?" Yaani karatasi fupi ya wazo la utafiti. Sina. "Niletee kurasa mbili Jumatatu."

Hapo ndo nilielewa kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniambia, kwamba kwa huku kwetu hela nyingi ya kusomesha watu masta inapita mkononi mwa mhadhiri kabla haijafika kwa mwanafunzi. Mhadhiri anaandika propozo kubwa, yaani andiko la kuombea fedha za utafiti, anapata fedha, ndani ya bajeti kuna mstari wa mwanafunzi, ada yake, fildi yake, pengine na kiposho cha mwezi. Chukulia kilimo, RUFORUM, ule mtandao wa vyuo ulioanza 2004 ambao makao yake yapo Makerere, wana fedha za utafiti ambazo anaomba mhadhiri na wanafunzi wa masta wanakua ndani ya hiyo propozo. Wewe ukikaa unatafuta tangazo linalosema mwanafunzi omba hapa unaweza usilione kabisa na hela ipo ofisi ya tatu kutoka kwenye darasa lako. Kwaiyo badala ya kuuliza skolashipu ziko wapi, uliza nani kwenye idara yangu ana mradi unaoendelea, umeanza lini, unaisha lini, na wanafunzi wake wamefika wangapi. Nenda kwenye semina. Soma ukurasa wa shukrani kwenye tasnifu za waliomaliza juzi, pale mtu anawashukuru waliomlipia, kwa majina kabisa.

Kurasa mbili zile niliziandika mara sita. Nilichojifunza ni kwamba msomaji anataka kuona umeshafika mahali husika kwa akili yako. Nilichofanya Jumamosi nikapanda daladala ya Jambiani, nikashuka nikakaa na akina mama kwenye banda la kuanikia mwani, nikawauliza wanaingia shamba siku gani. Wakanifundisha bamvua. Maji ya bamvua yanakuja mara mbili kwa mwezi, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, siku chache tu bahari inakupwa mpaka mashamba yote yanakua wazi, na maji mafu yakishaingia huna cha kupima tena mpaka bamvua nyingine. Nikarudi nikafuta kalenda yangu yote niliyokua nimeiandika wiki ya kwanza wiki ya pili, nikaipanga kwa bamvua. Dokta aliposoma akaweka kalamu kwenye mstari ule akauliza, "Hii nani amekuambia?" Nikamwambia ukweli. Wiki hiyohiyo akanipa nafasi.

Bajeti nayo naomba niielezee kwa sababu hapa ndo propozo nyingi za wenzangu nazosoma zinaanguka. Mtu anaandika fildi, milioni tatu. Basi, mstari mmoja. Anayetoa hela hawezi kukuamini kwa mstari huo kwa sababu hajui umeipataje. Ya kwangu ilikua hivi: wasaidizi watatu, siku 12, elfu 20 kwa siku, jumla 720,000. Nauli mtu mmoja kwenda na kurudi mara ngapi, bei ya daladala na gari ya kubebea sampuli siku ya kurudi. Kamba mita ngapi, dukani ni bei gani, na nilikwenda dukani kweli nikaomba profoma, karatasi ya bei kabla hujanunua. Kila namba iwe na mama yake. Ukifanya hivyo hata wakikupunguzia unajua unapunguza nini, wakikuambia fedha haitoshi unasema basi nitatumia siku nane, na mjadala unakua wa kazi.

Afu kuna masurufu. Hili halifundishwi popote na linaweza kukuharibia jina kuliko kufeli mtihani. Chuo kinakukatia hela uende fildi, ukirudi unatakiwa uirejeshee maelezo yote, risiti kwa risiti, na usiporejesha masurufu ya kwanza hupati ya pili. Sasa mi nawalipa akina mama ambao wanafunga kamba baharini, risiti ya mashine wataitoa wapi? Safari ya kwanza nilirudi na daftari langu nimeandika nimempa bi fulani elfu 20, uhasibu wakalikataa, na walikua sahihi. Nikatumia siku nne kurudi shamba kukusanya saini. Safari ya pili nikaenda na fomu nimeshaiprinti, jina, shehia, kazi aliyofanya, tarehe, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, saini au dole gumba, na chini kabisa sheha anagonga muhuri wake. Vitu vya dukani risiti palepale, naipiga picha na simu kabla wino haujafutika maana zile risiti za mashine zikikaa juani zinakua nyeupe. Tangu hapo masurufu yangu yanapita ndani ya siku mbili, na yule mhasibu ndo aliyekuja kuniambia kuna fedha kidogo imebaki kwenye mradi naweza kuombea safari ya konferensi.

Kitu kingine, hela inachelewa. Panga ukijua itachelewa. Ya kwangu iliingia siku moja baada ya bamvua kupita, nikampigia simu bi mkubwa mmoja kule kumwambia tutaanza wiki ijayo, akanijibu, "Mwanangu, wiki ijayo maji mafu, utapima nini?" Wiki mbili zikaenda hivyo. Sasa hivi kwenye kalenda zangu naacha bamvua mbili tupu mwanzoni kwa ajili ya kusubiri.

Kuhusu konferensi, watu wa bahari tuna bahati kwamba WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari wa ukanda huu wa magharibi mwa Bahari ya Hindi kilichoanzishwa 1993, makao yake yapo hapahapa Zanzibar, wana mfuko wa utafiti unaoitwa MARG na kila baada ya miaka miwili hivi wanaandaa simpoziamu kubwa, 2017 ilikua Dar es Salaam na 2025 Mombasa. Mi hiyo ya Mombasa nilipeleka bango la kueleza utafiti wangu. Nilipanda boti mpaka Dar, basi usiku mpaka Horohoro, tukavuka tukaingia Lunga Lunga asubuhi, na bango langu nimelibeba ndani ya kipande cha bomba la plastiki la fundi maji nimeziba huku na huku na nailoni lisilowe. Kusimama mbele ya bango lako masaa mawili ni shule. Mtu anakuja anasoma, anakuuliza swali moja ambalo hukuwahi kuliwaza, unaliandika. Watu wawili waliosimama pale wakaniuliza maswali ndo leo nawaandikia imeili nikikwama kwenye takwimu, na mmoja kakubali kuniandikia barua ya kunipendekeza. Kwaiyo ukiona tangazo la konferensi lina sehemu ya kuomba msaada wa nauli kwa wanafunzi usipite, mara nyingi wanaotuma abstrakti, yaani muhtasari wa utafiti, ni wengi lakini ile fomu ya nauli wengi hawaijazi, wanadhani wataonekana ombaomba. Imewekwa kwa ajili yenu, ijazeni.

Fani nyingine nazo zina nyumba zao. Uchumi kuna AERC, muungano wa utafiti wa uchumi Afrika, pale Nairobi, ipo tangu 1988, wana programu ya masta ya pamoja ambayo wanafunzi kutoka vyuo vya nchi mbalimbali wanakutana sehemu moja kusoma masomo ya kuchagua, na ukitoka pale unajua watu wa bara zima. Afya ya jamii kuna CARTA, mpango wa vyuo vya Afrika wa kukuza watafiti, ilianza 2008, ila hiyo ni ya PhD na inachukua watu ambao tayari ni wafanyakazi kwenye taasisi wanachama, kwa Tanzania ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Taasisi ya Afya Ifakara, wanakuita kwenye semina nne ndefu kwa vipindi mpaka unamaliza. Hesabu kuna AIMS, taasisi ya hesabu ya Afrika, ukipata wanalipa kila kitu, na moja ya vituo vyao ipo Kigali. DAAD, shirika la Ujerumani la kusomesha watu, watu wanadhani lazima uende Ujerumani, hapana, wana skolashipu za kusoma masta na PhD hukuhuku Afrika, ndani ya nchi yako au nchi jirani, sharti moja kubwa ni kwamba digrii yako ya mwisho isiwe imepita miaka sita, kwaiyo usikae sana. Commonwealth, yaani Jumuiya ya Madola, nao kwa PhD wana utaratibu wa kusoma nyumbani na kwenda Uingereza kwa muda tu. Na kina dada wa sayansi kutoka nchi kama Tanzania, naomba mkaisome OWSD, shirika la wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea, makao yao Trieste kule Italia, wanalipia PhD kwenye nchi nyingine inayoendelea, na kuna namna ya kubaki umesajiliwa chuo chako cha nyumbani huku unaenda maabara ya nje kwa vipindi. Mwenye mtoto au mzazi wa kuangalia, hiyo namna ya pili iangalie kwa makini.

Kozi fupi ndo kitu nachokipenda kuliko vyote na ndo kinachodharauliwa kuliko vyote. Data Science Africa, mafunzo ya sayansi ya data, ilianza Nyeri 2015 na 2017 ilikua Arusha, pale unakaa siku kadhaa unafundishwa na watu ambao vitabuni unawasoma. AuthorAID, mtandao wa kusaidia watafiti wa nchi zinazoendelea, wana kozi za bure mtandaoni za kuandika makala na propozo, na wanaweza kukuunganisha na mtafiti mzoefu akakusomea rasimu. Research4Life inafungulia vyuo vya nchi kama yetu majarida ambayo ukitaka kuyanunua mwenyewe makala moja ni hela ya chakula cha wiki, na paswedi anayo mkutubi. Mwaka mzima niliishi nasoma abstrakti tu, nashindwa kufungua makala, na mkutubi yule nampita kila siku mlangoni namsalimia. Nilipomuuliza alinifungulia kwa dakika tano.

Barua za marefarii, yaani wanaokupendekeza. Mhadhiri aliyefundisha darasa la watu 300 hakujui, ataandika tu ulikua mwanafunzi mwenye nidhamu, na kamati inaisoma hiyo barua inajua hajui lolote kukuhusu. Mtafute anayeweza kusema kitu kimoja ulichofanya kwa mikono yako. Muombe wiki tatu kabla, mpelekee tangazo lenyewe, CV yako, rasimu yako hata kama haijaiva, na kijikaratasi cha mistari mitano unamkumbusha ulifanya nini kwenye mradi wake. Baada ya siku kumi mkumbushe kwa adabu. Barua ikishakwenda, mwambie majibu hata yakiwa mabaya, watu wengi wanapotea wakikosa afu wanarudi mwaka unaofuata wanaomba barua nyingine kama hakuna kilichotokea, na mzee wa watu anakumbuka.

Na mtu akikuambia umepata skolashipu tuma kwanza elfu hamsini ya fomu kwenye namba ya simu, huyo ni mwizi, kata simu. Wale wa majarida wanaokuandikia imeili ya sifa nyingi na kukuahidi makala itatoka ndani ya siku nne ukilipa, wasikuchukulie hela wala jina, onyesha sapavaiza wako kabla hujajibu.

Nimalizie na kilichotokea niliporudi kutoka Mombasa. Lile bango nililipeleka Jambiani nikalitundika kwenye banda la mwani, nikiwa nimebandika karatasi ya Kiswahili juu ya maneno ya Kiingereza. Kuna mchoro wa joto la maji wa mwaka mzima, mstari mwekundu unapanda kipindi cha kaskazi unashuka kusi ikiingia. Bi mkubwa yuleyule wa maji mafu akausogelea, kabla sijafungua mdomo akaweka kidole juu kabisa ya mstari, mwezi wa pili, akasema, "Hapa ndo yangu ilipokatika yote." Nilikua na joto la kila saa mwaka mzima na sikua na hiyo habari yake, kwa sababu sikumuuliza, mi nilimlipa kufunga kamba tu.

Kwenye propozo ninayoandika sasa hivi kuna mstari mpya wa bajeti, wakulima wanne wa kurekodi, siku mbili kila bamvua, bamvua 24, posho elfu 20 kwa siku, madaftari manne na kalamu za kutosha. Dedilaini ni mwisho wa mwezi. Barua ya Dokta nimeshaiomba.